Mpangaji naye anaweza kulima: mifuko minne nyuma ya jiko



Juma lililopita, kisha mkutano kwisha, wamama watatu walitungojea kwenye mlango. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake: "Madamu, kila mara munatuambia tulime mboga nyumbani. Wenye viwanja vyao watalima. Sisi tuko wapangaji. Tutalima wapi, juu ya sementi?" Tulicheka wote, lakini swali lilikuwa la kweli, na hatukuwa na jibu fupi la kumpa pale mlangoni huku mvua ikianza kunyesha. Tumeamua kumjibu hapa, kwa sababu sisi pia ni wapangaji, na bustani yetu ya kwanza ilikufa kwa sababu hiyo hiyo.

Tuanze na ile iliyokufa.

Nyumba tuliyokuwa tukipanga wakati ule iko kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Bukavu. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi, labda hatua sita kwa nne, chenye majani marefu na vichupa vilivyotupwa. Hakuna aliyekitumia. Mwezi wa 9, mvua zilipoanza, baba watoto alikata majani, watoto wakaokota vichupa, na sisi tukashika jembe. Tulisoma biolojia kule ISP, na ubaoni tunaweza kuchora jani na mishipa yake yote bila kufungua daftari. Jembe ni somo lingine. Siku ya kwanza mikono yetu ilitoka malengelenge kabla ya lengalenga yenyewe kuota.

Tulipanda lengalenga, maharagi, matembele na mstari mmoja wa vitunguu. Kufika katikati ya mwezi wa 10 tulikuwa tumeacha kununua mboga sokoni. Wamama, mnajua maana yake. Fungu la lengalenga la frank 500 linaonekana kubwa likiwa mkononi mwa muuzaji, lakini likishaingia kwenye sufuria linajikunja na kuwa ngumi moja. Kwa watu saba unahitaji mafungu matatu au manne, na hapo hujanunua mafuta wala chumvi. Juma ambalo mshahara wa mwalimu umechelewa, mboga ndiyo ya kwanza kuondolewa mezani. Bugali itapatikana, na mboga tutaiona kesho.

Mwezi wa 11, asubuhi moja tukiwa shuleni, mwenye nyumba alikuja na fundi. Alitaka kujenga aneksi ya vyumba viwili. Tuliporudi saa saba, mawe ya msingi yalikuwa yamemwagwa juu ya maharagi, na lengalenga ilikuwa imekanyagwa ndani ya udongo mwekundu. Binti yetu wa miaka sita, ambaye ule mstari wa vitunguu ulikuwa wake, aliokota vilivyobaki, akavitia kwenye kikombe cha maji, akakiweka dirishani. Hakulia. Afadhali angelia.

Tulikasirika sana usiku ule na tulisema maneno ambayo hatutayaandika katika gazeti hili la wamama. Lakini hasira ilipopoa tuliona kosa letu. Kiwanja ni chake. Hatukuwa tumemuuliza hata siku moja. Tuliona majani marefu tukadhani hayana mwenyewe. Kama tungemuuliza mwezi wa 9, angetuambia kwamba anangoja kupata pesa za mawe, na sisi tungejua la kufanya.

Kwa hiyo, mama mpangaji, kabla ya jembe kuna maneno. Nenda kwa mwenye nyumba, au mtume baba watoto kama kwenu ndivyo inavyofaa, mwombe ruhusa, na uulize swali hili wazi: "Papa, una mpango wa kujenga hapa mwaka huu?" Kama mnaandikiana kontra ya kupanga, ombeni mstari mmoja unaosema kwamba mpangaji akiombwa kuondoa mimea, apewe mwezi mmoja avune. Mwenye nyumba wetu wa sasa alicheka tulipomwomba mstari huo, kisha akaukubali. Tangu siku hiyo kila mara akipita kuchukua kodi anaondoka na kitu cha kijani mkononi. Hakutuomba. Sisi wenyewe tulianza, na tunaona ni bei nafuu.

Mifuko ilitujia kwa njia ya jirani. Baada ya ile aneksi, mama mmoja wa avenyu yetu alituona tumekaa nyuma ya jiko tukitazama mawe. Yeye amekaa Goma miaka mingi. Alitukumbusha kwamba tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, Nyiragongo ilimwaga moto wake hadi katikati ya mji, na sehemu kubwa ikabaki jiwe jeusi tupu. "Kule unapiga jembe, jembe linalia," alisema. "Kwani tulikufa bila mboga? Tulitafuta udongo, tukautia kwenye mufuko." Alikuwa na haki ya kutucheka kidogo. Sisi tulikuwa na udongo chini ya miguu yetu tukilia kwamba hatuna pa kulima.

Basi, tazama namna tunavyofanya, pamoja na makosa yetu ili ninyi msiyarudie.

Tafuta mfuko wa kilo 50, ule wa kusukwa, uliokuwa na mchele, unga au sukari. Usichukue uliokuwa na dawa ya kuulia wadudu, hata kama umeufua mara kumi. Kunja mdomo wake hadi nje ili usimame vizuri. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga au la mafuta, litoboe kitako ili libaki kama bomba fupi. Hilo kopo ndilo siri ya kazi yote. Unalisimamisha katikati ya mfuko, unalijaza mawe madogo ya ukubwa wa yai, na kuzunguka kopo unatia udongo. Udongo ukifika kwenye ukingo wa kopo, unalivuta juu taratibu, mawe yanabaki, unalijaza tena, unatia udongo tena, hadi mfuko ufike kwenye paja lako. Mwishoni una mnara wa mawe katikati ya mfuko, kutoka chini hadi juu. Maji unayamwaga juu ya mawe, nayo yanashuka na kuingia pembeni kila mahali.

Mfuko wetu wa kwanza tuliutengeneza bila mawe. Tuliona ni kazi ya bure. Mimea ya juu ilinenepa, ya katikati ilikauka, na chini palioza. Wa pili tulitia mchanga badala ya mawe, ukaziba. Kwa hiyo mawe, wamama, na yawe ya ukubwa wa yai.

Udongo wenyewe: mabeseni mawili ya udongo mweusi wa juu, beseni moja la mbolea iliyooza, na kama udongo wenu ni ule mwekundu wenye kushikana kama wa matofali, ongeza nusu beseni ya mchanga. Mbolea iliyooza maana yake ni ile isiyotoa joto tena na isiyonuka. Tulipewa samadi ya mbuzi ikiwa mbichi, tukaitia siku hiyo hiyo kwa furaha, na kwa siku nne miche yote ikageuka manjano kwenye ncha kana kwamba imeshikwa na moto. Samadi mbichi ikae kwanza kwenye kivuli, ifunikwe, igeuzwe kila juma, miezi miwili au mitatu. Ya sungura na ya kobayi ni nzuri, na kwa wenye nyumba ndogo ndiyo rahisi kupata. Maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya maharagi, majivu kidogo, vyote vinaingia kwenye lundo. Kuna pia yale majani machungu yenye maua ya njano kama ya alizeti madogo, yanayoota kando ya kila barabara ya Kabare na Walungu. Watu wanayakata na kuyatupa. Yakate kabla hayajatoa maua, yachanganye na udongo, yanaoza haraka na ni chakula kizuri sana cha mimea. Hayauzwi. Tunashangaa bado hayauzwi.

Mfuko ukishajaa, uache siku tatu hivi udongo ushuke na kutulia. Kisha kata matundu madogo pembeni, kila moja liwe mbali na mwenzake kwa shibiri moja, na safu ya juu isilingane na ya chini, ili mizizi isigombane. Kwetu mfuko mmoja unabeba matundu 24 hivi pembeni, na juu pana nafasi ya miche mingine mitano au sita. Uweke juu ya mawe mawili au vipande vya mbao ili maji yatoke chini, mahali panapopata jua angalau nusu ya siku. Usiuegemeze kwenye ukuta wa udongo. Ukuta utalowa, na mwenye nyumba atakuwa na sababu ya kweli ya kukasirika.

Nini cha kupanda? Hapa kila mama ana sufuria yake, lakini tunaweza kusema yaliyotufaa. Lengalenga ndiyo ya kwanza, kwa sababu haikungojeshi. Mbegu zake ni kama vumbi, zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke pamoja, zimwage kwenye beseni lenye udongo, zifunike kidogo sana. Miche ikiwa na urefu wa kidole unaihamishia kwenye matundu jioni, jua likiwa limepungua. Juma la tatu au la nne unaanza kula. Usiing'oe! Kata ncha, acha shina la shibiri moja, nalo litatoa matawi mawili, matatu, na utakata tena na tena mpaka likianza kutoa maua. Mashina mawili yaache yazae mbegu, na hutanunua mbegu tena.

Matembele hayahitaji mbegu. Omba kipande cha mshipa wenye vifundo vinne au vitano, chomeka vifundo vitatu ndani ya udongo, basi. Kama unapata mshipa wa vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, chukua huo. Majani unakula sasa, na ukipata mahali penye udongo mwingi viazi vyake ni vizuri kwa macho ya watoto. Mulunda unakubali mfuko vizuri. Vitunguu vya majani na seleri tunaviweka juu kabisa, karibu na mdomo, mahali ambapo mkono unafika wakati sufuria iko motoni. Mti mmoja wa pilipili kwenye kopo lake peke yake utakulisha zaidi ya mwaka.

Shu ya kufunga kichwa tuliijaribu, tukaiacha. Inakaa miezi mitatu, inakula nafasi ya mimea sita, halafu kiwavi anaingia juma la mwisho. Nyanya nazo zina kiburi. Katika mvua zetu za Bukavu majani yake yanakuwa meusi kwa siku chache na kila kitu kinakwisha. Zikae chini ya paa, mahali mvua haizigusi majani, uzimwagilie kwenye mizizi tu. Tumepata nyanya 19 kwa mwaka mmoja. Binti yetu alizihesabu.

Maji ndiyo yanayowaogopesha wengi, na mnayo haki, kwa sababu bomba likikauka siku tatu nani atampa lengalenga maji kabla ya mtoto? Lakini mifuko minne wakati wa jua inatosheka na bidoni moja ya lita 20 kwa siku, na si lazima maji hayo yawe safi ya kunywa. Sisi tunatumia maji yaliyoosha mchele na mboga, na yale ya mwisho ya kusuuza nguo. Yenye javeli hapana. Na maji ya mfereji au ya karibu na choo, hapana kabisa, hata kama jirani anamwagilia nayo na mboga zake zinang'aa. Tunaishi katika mji unaojua kolera. Jani linakamata kila kitu, na hata ya kwako mwenyewe ioshe vizuri kabla ya kuikata. Mvua zikinyesha, toka mwezi wa 9 hadi wa 5, kazi ni ndogo. Kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, tunapunguza: mifuko miwili tunaifunika kwa majani makavu, miwili tunaendelea kuilisha. Ni wakati huo mboga inapopanda bei sokoni, kwa hiyo hata mifuko miwili inaonekana.

Neno kidogo kwa wamama wenye viwanja vyao kwenye mteremko, maana mnaweza kufikiri makala hii haiwahusu. Msichimbe kutoka juu kwenda chini, mistari ivuke mteremko. Msichimbe karibu na msingi wa nyumba wala kwenye ukuta wa udongo ulio juu ya nyumba ya jirani. Kwenye ukingo wa kila ngazi pandeni majani ya ng'ombe, yenye mizizi mingi, yashike udongo. Katika mji huu tumeshaona mvua ya usiku mmoja ikishusha kiwanja, na haishushi mboga peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tulitaka kulisema tangu mwanzo. Kwetu mifuko ilitushinda siku ya mavuno. Kuilima ilikuwa rahisi.

Mifuko minne ilipokuwa imejaa, lengalenga ikishuka pembeni kama nywele, watu walianza kusimama. "Mama, niuzie ya frank 500." Tuliuza. Kesho yake wawili. Pesa ilikuwa nzuri mkononi, na kila siku ilikuwa na kazi yake: makala, sabuni, yuniti za simu za baba watoto, kalamu. Tulijisifu hata mbele ya wenzetu kwamba bustani inatusaidia. Hadi jioni moja tulikuwa tumekaa kula bugali na sambaza kidogo, bila kijani chochote, na binti yetu akauliza, bila ubaya wowote: "Mama, kwa nini mboga yetu inakuliwa na watoto wa ng'ambo?"

Tulitazamana na baba watoto. Tulikuwa na mifuko minne ya mboga hatua tano kutoka mezani, na watoto wetu walikuwa wakila kama zamani, tofauti ilikuwa kwamba sasa tulikuwa na kazi zaidi.

Tulizungumza usiku ule, na hayakuwa mazungumzo matamu. Yeye alisema pesa ni pesa, na ni kweli. Sisi tulisema kwamba darasani tunafundisha watoto kuhusu vitamini A na madini ya chuma, tunawaandikisha kwenye daftari, kisha tunarudi nyumbani na kuuza vyote viwili kwa frank 500 ili kununua yuniti. Alinyamaza. Kisha akasema neno la busara, tunampa heshima yake: "Basi tugawanye mifuko, si mafungu." Tukagawanya. Mitatu ni ya sufuria, hata akisimama gavana kwenye mlango haiuzwi. Mmoja ni wa kuuza, na pesa yake inaingia kwenye likelemba ya wamama wa avenyu, haiingii kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Ukifika jioni na mfuko wa kuuza umekwisha, mnunuzi anaambiwa arudi siku ya posho. Wengine walikasirika. Wamezoea.

Hatusemi kuuza ni vibaya. Kuna mama ambaye ada ya mtoto wake wa sekondari inatoka kwenye mboga, na hatuna neno la kumwambia. Tunasema kata shauri kabla ya mavuno, tena kwa sauti, mbele ya wote mnaokula pamoja. Usipokata shauri, mnunuzi wa kwanza atakukatia.

Na mitatu ya sufuria inatupa nini? Tuseme ukweli: hailishi nyumba. Bugali bado tunanunua, maharagi tunanunua. Inatupa sufuria ya mboga mara tatu kwa juma wakati wa mvua, na majani machache ya kutia ndani ya maharagi siku nyingine. Kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula, hayo machache si machache. Unachukua majani laini, unayachemsha kidogo, unayaponda vizuri pamoja na maharagi yaliyomenywa au ndagala iliyosagwa, unatia tone la mawese, na mtoto anakula kijiko kwa kijiko huku akiendelea kunyonya.

Kupika nako kuna makosa yake. Wengi wetu tulifundishwa kuchemsha lengalenga mpaka iwe nyeusi, kisha kumwaga maji. Sehemu ya faida inakwenda na maji hayo kwenye mfereji. Ioshe ikiwa nzima, ikate baada ya kuosha, itie kwenye maji machache yanayochemka, dakika chache tu, na maji yaliyobaki yaingie kwenye mchuzi. Mafuta kidogo ni ya lazima, kwa sababu vitamini A ya majani mwili haiichukui vizuri bila mafuta, na mawese yenyewe ikiwa bado nyekundu inaongeza yake. Ukiiunguza mpaka iwe nyeupe umeitoa nguvu. Kamua limao mezani, linasaidia mwili kuchukua chuma ya mboga. Chai ingoje saa moja au mbili, maana chai juu ya chakula inaizuia. Haya yote hayagusi sombe: sombe itwangwe sana, ichemshwe muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kwa moto. Msichanganye masomo mawili.

Siku ya kwanza baada ya kugawanya mifuko tulipika lengalenga na mulunda pamoja, karanga zilizosagwa, kitunguu cha majani cha binti yetu, na sambaza za frank 1000. Tulikata mboga saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili na nusu ilikuwa mezani. Mboga ya sokoni imekwisha kulala usiku mmoja kabla hujaiona, na baada ya siku ile ulimi wetu uliijua tofauti. Mtoto wetu mdogo, ambaye mboga kwake ilikuwa adui, alikula kwa sababu tundu lile la safu ya tatu lilikuwa lake na aliona mwenyewe tukilikata. Tulijaribu baadaye kumpa ya tundu la dada yake. Alikataa. Kwa hiyo kila mtoto ana matundu yake, na tunavumilia kelele.

Mwaka jana tulihama nyumba. Mwenye nyumba alihitaji nyumba yake, hakukuwa na ugomvi. Safari hii hatukuacha kitu nyuma. Tuliacha kumwagilia siku tatu ili mifuko iwe nyepesi, tukakata mimea yote ibaki vishina, tukafunga midomo kwa kamba, na vijana wawili wa kartie wakaipandisha mmoja mmoja. Mmoja ulipasuka njiani, maana jua lilikuwa limeuchosha kwa misimu miwili, na udongo wetu mzuri ukamwagika kwenye ngazi za watu. Tuliuokota kwa beseni mbele ya kicheko cha avenyu nzima. Juma la pili kwenye nyumba mpya, vishina vilikuwa vimetoa majani.

Yule mama mwenye mtoto mgongoni, na wenzake wawili: tumewawekea miche ya lengalenga, mishipa ya matembele na makopo matatu yaliyotobolewa kitako. Njooni siku ya posho, saa nane, baada ya salongo. Kila mmoja alete mfuko wake mtupu, na mawe mtayaokota njiani. Na kabla ya kuja, ongeeni na mwenye nyumba.